Faili Lenye Jina la Mama Rula

Bi Kwanini aliegesha gari kwenye kivuli pekee kilichokuwepo uani, na kabla hajazima injini mlinzi alikuwa ameshafika dirishani. Alimsalimia vizuri, akamwomba radhi, kisha akamwambia kwamba hapo hapaegeshwi. Akaonyesha chini kwa rungu lake. Kwenye saruji palikuwa na namba mbili, kubwa, nyeupe, imepakwa rangi upya juzijuzi tu.

"Kwanini?" aliuliza Bi Kwanini. Ni kwa neno hilo wenzake wa kituo cha polisi walimbatiza, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Mlinzi alimweleza kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. Namba moja ni ya Mkurugenzi. Mbili ni ya Naibu wake. Tatu ya Mhasibu, na kuendelea hivyo kwa vyeo mpaka kule ukutani kwenye jua kali. Vikombe vya chai navyo vina namba, na mwaka jana karani mmoja alipewa barua ya onyo kwa kunywea kikombe kisicho chake. Hata yeye mlinzi anayo namba yake, alisema, kilichokosekana ni gari.

Bi Kwanini alicheka, akarudisha gari nyuma, akaliweka juani. Hakuja kugombania kivuli.

Ofisi hiyo kazi yake ilikuwa ramani na mipaka. Kila kiwanja cha mji ule kilikuwa na mchoro wake humo, na michoro yote ilikaa kwenye seva moja, kompyuta ya pamoja ya ofisi. Sasa, kuna mtu alifungua ramani ya viwanja vilivyo jirani na shule ya msingi, akauvuta mstari mmoja kidogo tu, na mstari ukaumeza uwanja wa watoto wa kuchezea. Mafundi wa ukuta walifika na ramani mkononi wakang'oa magoli. Mwalimu mkuu alipiga kelele mpaka polisi wakasikia. Seva ilipoulizwa ni nani aliyehifadhi ramani ile mara ya mwisho, ilijibu bila kusita: mamarula.

Saa nane mchana kamati ya nidhamu ingekaa. Ingemfukuza kazi mchoraji ramani mkongwe kuliko wote ofisini, na Bi Kwanini angetakiwa kuondoka naye akiwa na pingu. Mkubwa wake alimpigia simu asubuhi hiyo na kumwambia kesi imeshaiva, kilichobaki ni kupakua. Tatizo ni kwamba Bi Kwanini hakuwa mtu wa kupakua chungu ambacho hakuona kikiinjikwa.

Mama Rula alikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha mikutano, ameketi wima, na kwenye kilemba chake amechomeka rula ya chuma kama wanawake wengine wanavyochomeka kalamu. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, na mikono isiyotetemeka. Bi Kwanini alikaa pembeni yake, akamwamkia, akamuuliza kama aliigusa ramani ile. Hakuigusa. Nywila yake anaijua nani? Hakuna, hata mumewe. Ana ugomvi na nani? Na penseli butu, basi.

"Nyumbani wanasemaje?" aliuliza Bi Kwanini.

Hapo ndipo yule mama alipoinamisha kichwa.

"Mama mkwe wangu tunaishi naye. Bibi mzee, mimi ndiye ninayempikia tangu niolewe. Habari ilipofika tu, akasema hawezi kula chakula cha mtu anayewaibia watoto. Sasa anapikiwa na jirani. Mimi nikitenga, anageuza uso ukutani." Alivuta pumzi. "Kazi nikikosa, nitauza vitumbua au chochote, sitakufa. Lakini yule mama akiondoka duniani anaamini mimi ni mwizi, nitamfuata wapi kumwambia?"

Bi Kwanini hakumpa ahadi. Alimwambia tu asiondoke pale.

Naibu alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mkunjufu, amenyoa vizuri, anatabasamu na meno yote, na mezani kwake kilikuwepo kikombe chenye namba mbili. Alimpa mpelelezi karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye seva, jina la mamarula likiwa limezungushiwa kalamu nyekundu. Alisema inamuuma sana, maana mama yule ni kama dada yake, lakini sheria ni msumeno.

Yeye mwenyewe huwa anaifungua folda ile ya ramani? Wala, alisema, hajawahi hata siku moja. Michoro ni ya wachoraji. Yeye ni mtu wa mipango na hotuba. Na kwa kuwa neno hotuba lilikuwa limeshatajwa, alifungua droo akatoa nakala ya hotuba aliyoisoma wiki iliyopita mbele ya wageni wa wizara, akamzawadia. Ukurasa wa kwanza ulianza na kichwa kwa herufi nene, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko kichwa.

"Umeiandika vizuri," Bi Kwanini alisema.

"Kwa vidole vyangu hivi, kwenye kompyuta hii hii. Wakubwa wengine huandikiwa. Mimi siandikiwi." Alijiegemeza kitini. "Hapa mimi ni wa pili, Inspekta, uani, mezani, mpaka kwenye kompyuta. Mtu wa pili lazima awe mfano."

Bi Kwanini aliikunja hotuba akaitia mkobani. Alimshukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa korido, chumba kidogo chenye kelele za feni na baridi ya kukausha midomo. Fundi wa kompyuta alikuwa humo, kijana mwembamba, waya wa mtandao umemning'inia shingoni kama tai. Ofisi nzima ilimwita Waya, na yeye aliitika. Baridi yote ile, lakini paji la uso wa Waya lilikuwa linang'aa kwa jasho, na Bi Kwanini aliliona kabla hata ya kufunga mlango. Mtu anayetoka jasho kwenye chumba kama hicho ama ana homa ama ana siri.

Tena huyu ndiye aliyeshika funguo zote. Kwenye seva ile fundi angeweza kubadilisha jina la mwenye faili lolote kwa mstari mmoja tu. Kama kuna mtu wa kumtwisha Mama Rula mzigo usio wake, ni huyu.

"Nionyeshe folda ya ramani, kaka. Yote, na wenye mafaili."

Waya alibofya. Orodha ikajaa kwenye skrini, na Bi Kwanini akasogeza kiti. Kabla ya kuvaa sare alikuwa amekula mshahara wa kutengeneza seva za Linux, na jicho lake bado lilijua pa kwenda. Lilikwenda kwenye safu ya wenye mafaili, na pale pakawa na kichekesho. Palipotakiwa kuwa na majina, mistari karibu yote ya ukurasa ule wa kwanza ilikuwa na namba tupu: 1041, 1027, 1033, tena 1041, na nyingine za aina hiyo. Katikati ya namba hizo, ramani ya shule ilikuwa imekaa na jina lake kamili, mamarula, kama mtu aliyevaa suti sokoni.

"Kwanini hawa wengine hawana majina?"

Waya alisema ni mambo ya mtandao tu, yanakuja na kuondoka. Bi Kwanini alimwomba ampishe kwenye kibodi.

Seva ya namna hiyo haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba. Ukihifadhi faili, kinachobaki kimeandikwa ni namba yako peke yake. Jina hutafutwa baadaye, pale mtu anapokuja kuangalia, na ofisini pale majina yote yalitunzwa kwenye kompyuta nyingine, waliyoiita saraka, iliyokuwa kwenye kabati la pili humo humo chumbani. Seva ikiona namba, huiuliza saraka, huyu ni nani? Ikikosa jibu, inakuonyesha namba kama ilivyo. Kwa hiyo namba tupu kwenye skrini zilikuwa na maana moja: seva inauliza, na hakuna anayeijibu.

Bi Kwanini alijaribu mwenyewe. Aliiuliza seva habari za akaunti ya Mkurugenzi. Ikasema hakuna mtumiaji kama huyo. Akauliza ya Mhasibu, haipo. Akauliza ya Waya mwenyewe, haipo nayo. Akauliza mamarula, na jibu likaja papo hapo.

"Kwanini imsahau hata bosi wako na imkumbuke mama mmoja tu?"

Bi Kwanini aliendelea. Aliigongea saraka hodi kwa mtandao, na saraka ikaitika, kumbe ni nzima na njia iko wazi. Basi tatizo si waya wala umeme. Wanaonana ila hawasemezani. Akafungua kumbukumbu za seva, akashuka nazo taratibu mpaka chini, na hapo mstari ule ule ulikuwa umejirudia mpaka unachosha: cheti cha usalama cha saraka, kitambulisho chake mtandaoni, kimeisha muda wake, seva inakataa kuzungumza nayo.

Aligeuka na kiti. Waya alikuwa ameshakaa juu ya sanduku la nyaya, ameshika kichwa.

Akayatapika yote. Cheti kile hutakiwa kufanywa upya kila mwaka na yeye alisahau. Kiliisha mwishoni mwa wiki, na si mara ya kwanza. Mara ya kwanza alipewa barua, wakamwambia ya pili atakwenda nyumbani. Ndiyo maana akawaambia watu ni mtandao. Halafu polisi wakaja, akaogopa hata kukigusa, wasije wakasema anaharibu ushahidi.

"Na jina kwenye ramani ya shule, umelibadilisha?"

"Haki ya Mungu tena, Afande, sijaligusa. Naibu aliniambia nichape ukurasa, nikachapa nilichokiona."

Mwongo huapa kisha akaongeza maneno; huyu aliapa akanyamaza. Tena mtu anayeficha uzembe ana jasho la namna yake, na Bi Kwanini alishaliona mara nyingi kwa madereva na wahudumu wa stoo. Alipiga picha skrini kama ilivyokuwa, akanakili kumbukumbu zote kwenye diski yake na kuifunga kwenye bahasha mbele ya Waya, wote wawili wakatia saini. Kisha akamwambia atengeneze cheti kipya, hapo hapo, naye akiangalia kila herufi.

Waya kazi aliijua, hilo lazima lisemwe. Alitengeneza cheti, akakipeleka kwenye saraka, akaiwasha upya huduma, akaifuta seva majibu ya zamani iliyoyakariri ili isije ikajibu kwa mazoea. Wakafungua folda tena. Namba zote zikawa watu. Huyu mchoraji, yule mpimaji, na penye 1041 pote pakatokea mamarula.

Na kwenye ramani ya shule palikuwa bado pameandikwa mamarula vilevile.

Waya alishusha sauti, akasema kwa huzuni kwamba basi ndiye, maana saraka imerudi na jina halijabadilika. Bi Kwanini aliona saa ya ukutani, akaona inakaribia saa saba. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kama mtu aliyepigwa kofi. Njia nzima aliyoitembea ilikuwa imemrudisha kwenye benchi la Mama Rula.

Aliinuka, akazunguka kabati la seva, akarudi, akakaa.

"Hebu subiri. Saraka ilipokuwa bubu, tuliuliza mamarula na tukajibiwa. Sasa nani alitujibu?"

Waya aligeukia kabati la pili, la saraka.

"Saraka haikuwepo," Bi Kwanini alisema. "Seva imejijibu yenyewe. Kwanini?"

Akafungua faili dogo ambalo kila seva ya aina ile huwa nalo, la watumiaji wake wa nyumbani, wale inaowajua bila kuuliza mtu. Humo, chini ya akaunti za mashine yenyewe, kulikuwa na watu wachache waliobaki tangu enzi za kabla ya saraka. Wa kwanza alikuwa fundi wa zamani aliyeifunga seva, ambaye alishahamia kwingine. Wa pili alikuwa Mama Rula, maana yeye ndiye mchoraji wa kwanza aliyekubali kuacha karatasi. Fundi wa zamani aliwapa watu namba kwa kadiri walivyokuja, akaondoka, na hakuna aliyekumbuka kuwafuta. Faili jingine liliiambia seva ianze kuuliza wapi. Lilisema ijiulize yenyewe kwanza, na ikipata jibu isiende kwa saraka.

"Nionyeshe folda bila majina," alisema. "Namba peke yake."

Waya aliandika. Michoro ya Mama Rula, kazi yake ya kila siku, yote ilikuwa ya 1041. Michoro yake ya zamani kabisa ilishahamishiwa ghalani. Na ramani ya shule ilikuwa ya 1002, ile namba ya zamani ya Mama Rula kwenye faili la nyumbani.

Walitazamana. Mtu mmoja hawezi kuwa na namba mbili. Waya alisema pengine mama aliingia kwa ile akaunti ya zamani, na Bi Kwanini akampa heko kwa wazo zuri, kisha wakaliangalia pamoja. Akaunti ya zamani ilikuwa imefungwa nywila tangu saraka ilipoanza. Hakuna aliyeingia nayo, si kwa mlango wa mbele wala wa nyuma. Kwa hiyo ile 1002 ilikuja kutoka kwenye kompyuta ya mtu fulani ofisini, na kompyuta zote za ofisini hupata namba za watu kutoka kwenye saraka.

"Saraka ilipoanzishwa, namba mligawa vipi?"

Waya aliangalia dari. Yeye alitaka kugawa kwa kadiri watu wanavyoandikishwa, kama kila mahali duniani. Wakakataa. Kikao kikakaa asubuhi hadi jioni, watu wakanuniana, na mwisho ikaamriwa namba zifuate vyeo, maana haiwezekani mkubwa awe nyuma ya mfagizi hata kwenye kompyuta. Mkurugenzi akapewa 1001. Mama Rula, pamoja na umri wake wote, akasukumwa mpaka arobaini na moja.

"Na 1002?"

"Afande, mimi nina familia."

Bi Kwanini hakumlazimisha. Alihamia kwenye kabati la pili, akaiuliza saraka yenyewe bila kupitia kwa seva. Ikamjibu kwa mstari mmoja, na katika mstari huo mlikuwa na jina moja tu. Yule mlinzi wa getini angeweza kumwambia tangu asubuhi.

Alirudi kwenye seva, akaitaka imtolee kila kitu cha 1002 ndani ya folda ya ramani. Vikatoka vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ramani ya shule. Cha pili kilihifadhiwa jioni ile ile, muda mfupi baada ya cha kwanza, na mtu ambaye kumbe folda ile ilikuwa bado wazi mbele yake. Bi Kwanini alisoma jina la faili hilo, akaushika mkoba wake, akacheka peke yake mpaka Waya akaogopa.

Saa nane kamati ilikuwa imekaa kwa vyeo kuizunguka meza ndefu. Mkurugenzi alikuwa kichwani, Naibu kulia kwake na kikombe chake, na Mama Rula mwisho kabisa, karibu na mlango. Bi Kwanini alikuwa ameomba mambo mawili kabla ya kikao: skrini kubwa iunganishwe na seva, na askari wake wakaketi kwenye ofisi ya Naibu wakiilinda kompyuta yake isiguswe. La pili hakumwambia mtu ila Mkurugenzi.

Naibu alisoma mashtaka kwa sauti ya msibani. Skrini ilionyesha ramani na jina. Alipomaliza, Mkurugenzi akamuuliza mpelelezi kama ana neno, na Bi Kwanini akasema analo dogo, tena la kheri. Alitaka kumpongeza Naibu kwa hotuba yake.

Akaishusha orodha kwenye skrini. Hotuba ikaonekana, imekaa katikati ya ramani, na pembeni yake jina la mwenye faili: mamarula.

Aligeukia mwisho wa meza. "Mama, wewe ndiye uliyemwandikia Naibu hotuba?"

"Mimi?" Mama Rula alishangaa kweli. "Mimi hata kadi ya harusi huandikiwa."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Naibu alikuwa amevimba. Alisema huo ni upuuzi na hautakubalika. Hotuba ile aliiandika yeye, kwenye kompyuta yake, kwa nywila yake, na hakuna binadamu mwingine aliyeigusa.

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

"Kwa hiyo seva imekosea kuandika jina la Mama Rula hapa?"

"Imekosea kabisa."

"Nakushukuru. Naomba katibu ayaandike maneno hayo kama yalivyo."

Bi Kwanini alimpa Waya ishara. Waya akabofya, majina yakatoweka, zikabaki namba. Ramani ya shule, 1002. Hotuba, 1002. Kazi zote za Mama Rula, 1041.

Akawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Simu yako ikiita, kinachofika ni namba; lile neno "Shangazi" linatoka ndani ya simu yako, ulilihifadhi mwenyewe. Shangazi akiiacha laini yake na mtu mwingine akauziwa, simu yako itaendelea kusema Shangazi anapiga, kumbe ni mtu usiyemjua. Seva hii ni simu ya zamani. Iliihifadhi 1002 kuwa Mama Rula miaka mingi nyuma, na haijawahi kumuuliza mtu kama mwenye namba amebadilika. Basi sasa na waiulize saraka, inayojua namba za leo.

Waya aliiuliza saraka mbele yao wote. Jina la Naibu likajaa skrini nzima.

Mkurugenzi alivua miwani. "Namba mbili," alisema polepole. "Si wewe uliyetukalisha siku nzima kuililia?"

Naibu alisema nywila yake imeibwa. Alisema kwa haraka, na akasema tena.

"Huyo aliyekuibia," Bi Kwanini alimuuliza, "ndiye aliyekuandikia na hotuba?"

Kicheko kilianzia kwa Mhasibu kikazunguka meza. Naibu alitazama kikombe chake, akatazama mlango, na pale mlangoni askari alikuwa ameshasimama. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia mezani. Alikaa, akalegeza kola, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni shemeji yake. Kiwanja kile cha jirani ni cha shemeji yake, alimbana, alimwambia ni mstari mmoja tu, nani atauona? Jina la Mama Rula hakulipanga yeye. Alilikuta kwenye seva siku shule ilipolalamika, akaona Mungu amemletea.

Mama Rula alisimama. Wote walidhani atamtukana, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliichomoa rula kilembani, akaenda mpaka kwenye skrini, akaiweka juu ya ule mstari uliopindishwa.

"Unatakiwa upite hapa," alisema. "Nitaurudisha leo leo, kabla sijaenda nyumbani."

Akaurudisha. Mkurugenzi mwenyewe alimpelekea kiti na kumwomba msamaha mbele ya watu, na Waya aliambiwa akawafute watu wote wa zamani kwenye seva, na barua yake itazungumzwa siku nyingine, kwa moyo mzuri. Naibu alipitishwa uani kuelekea kwenye gari la polisi, akapita juu ya namba yake nyeupe bila kuitazama. Mlinzi alimfungulia geti na kumpigia saluti ya mwisho, kwa mazoea tu.

Bi Kwanini alimpa Mama Rula lifti. Gari lilikuwa limewaka jua mpaka viti vinaunguza, wakafungua milango yote na kusimama nje kwanza. Hapo ndipo yule mama alipotoa simu yake. Aliishika muda mrefu kabla ya kupiga, na ilipopokelewa aliiweka kwenye spika, maana mikono ile isiyotetemeka sasa ilikuwa inatetemeka.

"Mama, shikamoo. Ni mimi. Yamekwisha. Aliyeiba amekamatwa, na mstari wa watoto nimeurudisha."

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu mzee, na redio mbali. Bi Kwanini aligeukia ukutani, akajifanya anakagua tairi.

"Ukija," ile sauti ilisema mwishowe, "pitia sokoni. Nina njaa."

Mama Rula alijibu ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka simu ilipokatika, na bado alikuwa anaitikia. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Alikaa kwenye kiti cha moto bila kukisikia.

Bi Kwanini akawasha gari, akamuuliza soko liko upande gani.